Mshale Usio na Sumu

Nilisema naweza. Mlijue hilo kwanza, vijana wangu, kabla sijawaambia lolote kuhusu upinde. Hakuna aliyenishika shati. Mwajiri wangu, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Arbab kama ilivyo desturi huku Ghuba, alisimama kando ya uzio wa shamba lake, akanyoosha kidole kwa dume mmoja wa ayala aliyekuwa kivulini akicheua, kisha akaniuliza neno moja: "Tigdar?" Yaani, unaweza? Aliuliza kama mtu anavyouliza kama chai ina sukari. Ningesema hapana, angecheka, angewaita watu wa wavu kutoka shamba la jirani, na mchana ule ungeisha kama michana mingine.

Rashidi, mwenzangu wa kazi, alikuwa ubavuni kwangu, kisu chake kimefungwa kiunoni. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili Arbab asielewe: "Kaka, kataa. Wewe una upinde, utasimama mbali. Mimi ndiye nitakayemfuata."

Nikajibu kwa Kiarabu changu cha shambani: "Agdar." Naweza.

Mnaponitembelea siku za Ijumaa hapa Al Mansoura, Doha, nyumbani kwa binti yangu, mnamkuta mzee wa kunywa chai na kuuliza habari za nyumbani. Wachache wenu wanajua kwamba miaka yangu mingi katika nchi hii niliitumia kutunza wanyama kwenye shamba la mtu, nje ya mji upande wa Al Rayyan, na kwamba baadaye nilifundisha watu kupiga upinde wa jadi, ule usio na magurudumu wala darubini. Aliyenichokoza niandike ni Kevo. Ni mlinzi wa jengo moja, kijana wa Nairobi, na amepata mahali pa kufanyia mazoezi ya upinde siku zake za mapumziko. Majuzi alinichukua nikamtazame. Shabaha ya mbali aliipiga vizuri, mshale baada ya mshale. Nikamsogezea nyingine karibu, umbali wa kumrushia mtu funguo. Mshale wake ukapita juu, ukazama mchangani.

"Buda, hii imeniruka aje?" akasema. "Ya mbali nimegonga, ya hapa mlangoni nimekosa. Huu si uchawi wenu wa Ukambani?"

"Uchawi wetu haupotezi muda na mlinzi anayesinzia lindoni. Piga tena."

Akapiga tena, akakosa tena. Akautazama upinde kama mtu anavyomtazama rafiki aliyemsengenya.

Sikumcheka. Nilimwambia nitawaandikia ninayoyajua, na ninayoyajua kuliko mengine ni kukosa.

Upinde wa Kevo haukuwa na ubaya wowote. Alikosa kwa sababu shabaha ilikuwa karibu. Ukipiga mbali, unaomba. Mwili mzima unatulia kama mtu aliye mbele ya mkwe. Ukipiga karibu, moyoni umeshamaliza. Macho yanaondoka kwenye shabaha kabla vidole havijaachia, yanakwenda kutazama ushindi. Kichwa kinainuka kidogo tu, mkono unafuata kichwa, mshale unafuata mkono. Wawindaji wa kwetu walisema mtu wa namna hiyo ameanza kuchuna kabla ya kuua.

Dawa yake ni kutafuta kitu kidogo. Usimlenge mnyama. Mnyama ni mkubwa mno, macho hupotea ndani yake kama mtoto sokoni. Tafuta mkunjo wa ngozi nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, tafuta doa, tafuta nywele zilizosimama peke yake. Usitazame pembe hata kidogo; pembe ni za kumpumbaza mpiga upinde. Ukishaachia, baki ulivyo mpaka usikie mshale umefika. Usichungulie. Na ukiwa na mnyama mwoga mbele yako, kumbuka kwamba upote, yaani ule uzi wa upinde, hulia, na mlio humfikia kabla ya mshale. Naye kabla ya kuruka hujikunja chini. Ndiyo maana mishale mingi ya karibu hupita juu ya mgongo, na mtu anarudi nyumbani akiapa kwamba alilenga sawasawa. Funga vipande viwili vya manyoya kwenye upote, mlio utakufa.

Mambo ya hapa nayo yana yake. Upinde wa pembe na gundi usiuache ndani ya gari wakati wa kiangazi. Mwanafunzi wangu mmoja aliuacha akaenda kuswali na kula chakula cha mchana, akarudi akakuta upinde umelegea kama chapati. Alinililia nikamwambia autie kwenye mchuzi. Na miezi ya unyevu, vidole vikitoka jasho, upote huteleza kabla hujaamua. Paka vumbi laini vidoleni, la ule mchanga uliochekechwa. Vumbi la Doha angalau kwa hilo lina faida.

Haya yote ningeweza kuwafundisha bila kumtaja mtu. Lakini ukimwambia kijana asimlenge mnyama mzima bila kumwambia kwa nini, atakubali kwa kichwa na mkono utafanya yake. Mimi pia niliambiwa.

Aliyeniambia ni mjomba wangu, Nzioka. Nilimaliza sekondari na cheti ambacho hakikunipeleka popote, nikarudi nyumbani Kitui, na mjomba akanichukua porini kwa sababu, alisema, nilikuwa nakula kama mtu aliyeajiriwa. Serikali ilikuwa imeshapiga marufuku kuwinda. Siwafichi, tulikwenda kwa kujificha, na sisemi hivyo ili mtuige.

Mkamba wa zamani aliwinda kwa mshale wenye sumu. Ncha ya mshale ilipakwa sumu, kisha ikafungwa kwa ngozi nyembamba ili jua lisiikaushe, na ukiifungua ngozi ile ulijua hakuna mchezo tena. Uzuri wa sumu ni kwamba haihitaji moyo wala ini. Mguu, paja, shingo, popote damu ilipo, inatosha. Mnyama hukimbia kidogo, wewe huna haraka ya kwenda kokote. Unashusha upinde, unachutama, unasema "imeingia," na mnangoja. Ukimfuata mbio unamsukuma mbali bure. Ukimngojea, sumu inakuletea.

Siku yangu ya kwanza, swala alisimama karibu nami kiasi kwamba niliona nzi akitembea sikioni mwake. Nilivuta, nikaachia. Mshale ulimpata sikio, kwenye shina, kama mtu anayetobolewa hereni. Nilitaka kulia. Mjomba akachutama, akasema "imeingia," tukangoja, na baadaye tukamkuta swala amelala chini ya mkwaju.

Kila mwindaji alikuwa na alama yake kwenye mti wa mshale, na nyama ilikuwa ya mwenye alama. Alama ilikuwa yangu. Wawindaji wenzetu wakanipigia vigelegele kama wanawake, wakaniita fundi wa masikio. Mjomba alikuwa akifunga kisu chake, hakuinua macho.

"Nyama ni yako," alisema, "na alama ni yako. Lakini usijisifu mbele yangu. Sumu ndiyo iliyowinda. Wewe ulikuwa mpagazi wake."

Watu walicheka, nami nikacheka, kwa sababu mpagazi ndiye aliyekula maini.

Mjomba alinitaka nipige mshale mkavu mwaka mzima, usio na sumu, nikipiga kibuyu kibovu kilichoviringishwa mteremkoni, mpaka jicho lijue kuchagua. "Sumu humfanya mtu mvivu wa macho," alisema. Nilifanya hivyo mpaka mvua za kwanza. Kisha nikachoka na vibuyu, nikarudi kwenye sumu, na popote nilipompiga mnyama alianguka, nikajiona fundi. Miaka ikapita, nikaoa, nikaacha pori, nikaja Doha kulinda geti la ghala. Nilikuja na jicho lile lile.

Kutoka getini nilihamia shambani kwa Arbab, na huko ndiko nilikomkuta Rashidi.

Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mwenye mabega mapana, na alikuwa na namna ya kutembea kati ya wanyama kana kwamba amesahau alikuwa anakwenda wapi. Shambani kulikuwa na mbuzi, swala wa jangwani, na kundi la ayala ambalo Arbab alilileta kutoka nchi za baridi. Jina la ayala nilikuwa nimelisikia kanisani tu. Ni kama swala mnene mwenye madoadoa, na dume lake lina pembe zilizochanua kama viganja. Kila mwaka pembe hudondoka na kuota upya. Mara ya kwanza nilipokuta pembe imelala kwenye mchanga nilidhani nimeua mnyama wa watu, nikaificha chini ya majani. Rashidi aliikuta, akaja nayo akiwa ameiweka kichwani.

"Mkamba, hii ni yako? Nimekuta umeipoteza."

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchinja. Kazi yangu ilikuwa maji, malisho na samadi, na kumshikia. Nimewaona wachinjaji wengi. Sijaona mwingine kama yeye. Hakukimbiza mnyama. Tuliwasogeza kwa mbao mpaka pembeni, wavu ukamshika yule tuliyemtaka, na Rashidi akaenda akiwa na kitambaa cha pamba mkononi. Kisu kilibaki kiunoni. Alimfunika macho, akaweka mkono wake wa kulia kwenye paji la uso, akangoja. Alingoja mpaka pumzi ya mnyama ishuke ilingane na yake, ndipo tukamlaza kuelekea kibla, ndipo kisu kikatoka, na kabla hujakiona kilikuwa kimeshafanya kazi.

"Mnyama haogopi mtu," aliniambia. "Anaogopa haraka. Wewe una haraka hata ukikaa."

Tuliishi chumba kimoja, Mkristo na Mwislamu, vitanda viwili na jiko moja. Ramadhani nilikula nyuma ya ghala, naye jioni akinigongea sahani: "Toka mafichoni, mwizi, kumeadhiniwa." Krismasi alikwenda Al Wakrah kununua samaki, akapika kwa nazi, akisema Mkamba ni mtu anayedhani samaki ni uvumi. Alikuwa na mke na watoto Tanga, na mkono ule wa kulia ndio uliowalisha na kuwasomesha. Ulikuwa mkono mzuri. Ndio aliotumia kupasua nazi, ndio aliotumia kunishonea shati langu lilipochanika, kwa sababu sindano na mimi hatujawahi kuelewana.

Na jioni nilimsimulia habari za kuwinda. Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Katika simulizi zangu hapakuwa na sikio la swala wala mpagazi. Palikuwa na mimi, upinde, "imeingia," na mnyama chini. Niliyasimulia mara nyingi mpaka Rashidi akawa anamalizia sentensi. Nikisema "nikaachia," yeye kutoka kitandani kwake anasema, "imeingia," tunacheka, tunazima taa.

Arbab alisikia, sijui kutoka kwa nani. Alikuwa na upinde wa pembe aliouleta kutoka safarini, umening'inizwa ukutani kwenye majlisi, sebule yake ya wageni, kama pambo. Akaniletea. Niliukagua, nikaufunga upote, nikapiga marobota ya majani makavu. Robota halina pembe, halipumui, halitazami. Nilipiga robota, na popote mshale ulipoingia ulikuwa umeingia kwenye robota. Arbab akapiga makofi. Akaanza kuleta rafiki zake kunitazama. Akawaambia huyu ni mpiga mishale kutoka Afrika. Hawakuniita tena kwa ajili ya samadi. Aliajiriwa mtu mwingine wa samadi. Vijana, mtu aliyetolewa kwenye samadi ana hofu moja tu, nayo ni kurudishwa. Sisemi hiyo ni sababu ya kutosha. Nasema ndiyo iliyokuwepo.

Yule dume tulimwita Mudiri, maana alitembea akikagua kama meneja anayetafuta mtu wa kumkata mshahara. Siku za baridi zilipoanza, ambapo madume ya ayala hupandwa na wazimu wa kutafuta majike, Mudiri alimchoma dume mdogo ubavuni. Ikaamuliwa achinjwe. Siku ile Arbab alikuwa na wageni, wamekaa kwenye viti nje ya uzio, wanakunywa kahawa. Mmoja wao akauliza kama yule mpiga mishale anaweza kupiga kitu kilicho hai. Ndipo Arbab akanigeukia na lile swali lake.

Rashidi alipoona nimekubali, alimgeukia Arbab mwenyewe, kwa adabu, akamwambia kwa Kiarabu chake kizuri kwamba huyu si windo. Mnyama wa kufugwa, anayeshikika, ni wa kisu. Mshale ni wa mnyama wa porini asiyefikiwa. Mshale ukimwua kabla ya kisu, ni nyamafu, hakuna mgeni atakayemla.

Arbab alikubali kwamba ni kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, basi mshale umwangushe tu, na Rashidi awe karibu amuwahi akiwa hai.

Akili za wote pale ziliona hilo ni jibu zuri. Tazameni lilichofanya. Lilimweka mtu mwenye kitambaa kando ya dume mwenye pembe, ndani ya uzio, na usalama wake wote ukawa kwenye vidole vyangu.

"Ukimpiga bega anaanguka," Rashidi aliniambia tukiingia. "Akianguka sina shida naye. Ukimpiga kwingine, kaka, aliye karibu ni mimi."

"Ni hatua chache tu," nikasema. "Hata mama yangu angempata."

"Basi tumpigie simu mama."

Huo ulikuwa utani wake wa mwisho kwangu, na sikucheka kwa sababu wageni walikuwa wanatazama.

Mudiri alisimama ubavu wazi, hana habari nasi. Alituzoea, alikuwa akila shayiri kiganjani mwa Rashidi. Nilivuta. Nisikilizeni vizuri hapa. Sikuona bega. Sikuona mkunjo wa ngozi. Nilimwona Mudiri mzima, mkubwa, kahawia, pembe zake, nikawaona na wageni nyuma yake kwa pembe ya jicho, na nikajiona nikimsimulia mtu. Nikaachia. Kichwa changu kiliinuka. Mshale uliingia nyuma mno, tumboni, karibu na paja.

Kwa mshale wa mjomba ningekuwa nimemaliza. Na mwili wangu ulidhani umemaliza. Nilishusha upinde. Nikachutama, pale mchangani, mbele ya watu wote, kama nilivyochutama mara nyingi Kitui, nikasema kwa utulivu kabisa: "Imeingia."

Mudiri hakuanguka. Alipiga hatua mbili, akasimama kando ya nguzo ya uzio, kichwa chini, kimya. Mnyama aliyepigwa tumboni mara nyingi hufanya hivyo. Husimama kama anayefikiri. Rashidi alinitazama. Alikuwa amesikia neno lile chumbani kwetu mara nyingi kuliko alivyosikia jina langu.

"Imeingia?" akauliza.

"Imeingia. Nenda."

Akaenda. Alikwenda kwa mwendo wake ule ule, bila haraka, kitambaa mkono wa kulia, kisu kiunoni, kwa sababu kwake kisu hakikutoka mpaka mnyama atulie, na mimi nilikuwa nimemwambia ametulia. Alinyoosha mkono kumfunika macho. Mudiri aliinua kichwa mara moja tu. Ncha ya pembe ilipita kwenye kiganja cha Rashidi, ikatokea upande wa pili, ikakipigilia kwenye nguzo.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mutua." Jina langu tu. Mimi nilikuwa bado nimechutama.

Arbab ndiye aliyeruka uzio, na kanzu yake nyeupe, akashika pembe kwa mikono miwili, na wageni wawili wakamfuata. Mimi nilifika nyuma yao. Nilimshika Rashidi kiuno wakati wanaitoa pembe, na uzito wake wote ulinilalia. Kitambaa kilikuwa bado kati ya vidole vyake.

Mudiri alikufa akiwa peke yake, pembeni, tulipokuwa tunamkimbiza Rashidi kwenye gari. Hakuna kisu kilichomfikia. Alizikwa mchangani kwa trekta, na wageni waliletewa kuku kutoka mjini.

Madaktari walifanya kazi nzuri. Kiganja kilifunga, kovu likawa dogo kuliko mnavyoweza kudhani. Lakini mishipa ya ndani ilikuwa imekatika, na ile iliyounganishwa haikurudi kuwa kama zamani. Kidole gumba kilisimama, vingine vilijikunja nusu na kuishia hapo. Nilimletea machungwa hospitalini. Alijaribu kumenya moja mbele yangu ili nione anaendelea vizuri, likaanguka, likaviringika chini ya kitanda cha jirani. Nililifuata kwa magoti. Nilikaa chini pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika kutafuta chungwa.

Arbab alikuja kuuliza ilikuwaje. Nilikuwepo. Rashidi alisema, "Nilikwenda mapema. Nilipaswa kungoja." Arbab akanitazama, kana kwamba anangoja niongeze kitu. Ingetosha sentensi moja, kwamba mimi ndiye niliyemwambia nenda. Nilitazama machungwa. Arbab akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ni majaliwa, akatoka.

"Kwa nini umesema hivyo?" nilimwuliza Rashidi.

"Mmoja wetu abaki na kazi," alisema. "Mimi hii imeshanishinda."

Arbab alimfanyia wema aliouweza, akamrudisha kwao Tanga kwa heshima. Mimi nilibaki. Sikupiga tena mnyama, lakini niliendelea kupiga shabaha, na baada ya muda nikapata ile kazi ya kufundisha upinde, kazi iliyonilisha hadi nilipostaafu. Nilifundisha vizuri. Kila mwanafunzi nilimwambia achague kitu kidogo, asichungulie, asiseme mshale umefika mpaka amekwenda kuona kwa macho. Walidhani ninajua sana. Nilijua mara moja tu, na nilijua kwa mkono wa mwenzangu.

Msome haya kabla hamjavuta upinde mbele ya watu. Mtu akikuuliza kama unaweza, jiulize kwanza nani atakwenda kumshika mnyama ukikosa. Ikiwa si wewe, jibu lako ni hapana, hata kama mnyama amesimama mlangoni. Hasa akiwa amesimama mlangoni.

Rashidi na mimi tuliendelea kupigiana simu. Aliniambia anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kwamba mwanawe mkubwa ameanza kazi bandarini, kwamba mke wake ndiye anayepasua nazi sasa na anamkejeli. Tulicheka, lakini tulicheka kama watu wanaobeba kitu kizito kwenye ngazi, kila mmoja akiangalia asiteleze. Kisha akawa anapokea na kusema yuko msikitini, au yuko njiani. Siku moja alipokea, akasema:

"Mutua, sikiliza. Nilikusamehe tangu hospitalini, na Mungu ni shahidi. Lakini kila nikisikia sauti yako mkono unaniuma, unauma kama siku ile, na siku nzima inaharibika. Nimejaribu, haukubali. Usinipigie tena."

"Hata Idi?" nikamwuliza.

"Hata Idi, kaka."

Sijampigia. Yuko hai, nasikia hivyo kwa watu wa Tanga ninaokutana nao hapa, na wanaponiuliza kama nina salamu nasema hapana. Nimezeeka katika nchi hii nikiwa na watu wengi wanaoniita mwalimu, na hakuna hata mmoja ninayeweza kukaa naye nikazima taa tukicheka. Jibu lile nililompa Arbab kando ya uzio lilimgharimu Rashidi mkono wake wa kulia. Mimi lilinigharimu Rashidi.